Dawa Haina Likizo

Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa zamu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Halmashauri imetutaka sisi watu wa zamu tuseme juu ya dawa za Ukimwi. Tangazo lilipobandikwa ubaoni wengine walinung'unika. Waliuliza jambo hili lahusu nini chama, maana kazi ya chama ni mishahara na masaa ya kazi. Twajibu kwamba jambo lenyewe ni la masaa ya kazi, na kabla hatujamaliza mtaona.

Sisi si madaktari. Shule tuliyoisoma ni ile ya misheni, ya kuandika barua na kuhesabu. Lakini tumeuliza hospitali, tumesoma, na tumebeba majeneza ya wenzetu. Hatutataja jina la mtu hapa, na twawaomba nanyi wakati wa maswali msitaje.

Maswali tunayoulizwa chini ya mti saa ya chakula ni mawili. La kwanza, mtu aliyepimwa akaonekana ana virusi aanze dawa lini? La pili, mtu aliyekwisha anza, akapata nguvu, je, aweza kupumzika kidogo?

Tuanze na la kwanza. Dawa tatu zinazotumiwa pamoja zilianza kuokoa watu wengi Ulaya na Marekani mwaka 1996. Wakati huo bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gawanyeni kwa mshahara wa mtu wa njia mwone itamchukua miaka mingapi kununua dawa ya mwaka mmoja. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, na ilikuwa vema kutangaza, lakini tangazo halimezwi. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ikasema yaweza kutoa dawa hizo tatu kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka huohuo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Watu wenye virusi na vyama vyao walipiga kelele sana mpaka sheria ile ikapita. Sisi wa vyama vya wafanyakazi twajua kelele ya namna hiyo.

Basi kwa kuwa dawa ilikuwa chache, ya ghali, na ile ya zamani ilisumbua mwili, wagonjwa waliambiwa wangoje. Mwilini mna seli ziitwazo CD4, ambazo ni kama askari wa ulinzi. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 na kuzidi katika tone dogo la damu. Zamani iliagizwa ungoje mpaka askari wako wapungue kufika 200, ndipo upewe dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema isingojwe hivyo, 350 yatosha kuanza. Mwaka 2013 likasema 500. Kila mara walipanda ngazi moja, na kila ngazi watu waliokuwa wakingoja walikuwa wakiugua kifua kikuu na mengine.

Ndipo ulipofanywa uchunguzi mkubwa ulioitwa START, wa watu 4,685 katika nchi 35. Wote walikuwa na CD4 zaidi ya 500, yaani watu wanaotembea na kufanya kazi bila shida. Nusu walipewa dawa papo hapo, nusu wakangoja washuke. Mwaka 2015 matokeo yakatolewa mapema, maana haikuwa haki kuendelea. Kati ya wale walioanza mara moja, waliopatwa na ugonjwa mkubwa au kifo walikuwa 42. Kati ya wale waliongoja walikuwa 96. Uchunguzi mwingine uliofanyiwa Côte d'Ivoire, ulioitwa TEMPRANO, ukasema neno hilohilo mwaka ule ule, na wale walikuwa Waafrika kama sisi, katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu. Mwezi wa Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani likaagiza kila mwenye virusi apewe dawa, haidhuru CD4 zake ni ngapi. Kenya ikafuata mwezi wa Julai 2016.

Twalisema hili kwa kirefu kwa sababu wako ndugu waliopimwa zamani, wakaambiwa "nenda nyumbani, bado una nguvu," na wakalishika neno hilo hata leo. Hawajarudi. Neno lile lilikwisha mwaka 2016. Arudi.

Lakini msichukue haya mkafikiri kwamba kuanza upesi ni sawa kwa kila hali. Kuna mahali ambapo daktari atakuambia ngoja, naye ana sababu. Mtu aliyeingiwa na ukungu uitwao kriptokoka katika utando wa ubongo, akiumwa kichwa sana na shingo kukakamaa, akipewa dawa za virusi mara moja yaweza kumwua. Uchunguzi wa Uganda na Afrika ya Kusini uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha hivyo. Walioanza katika wiki mbili za kwanza walikufa 45 kwa mia, na waliongojeshwa wiki tano hivi walikufa 30 kwa mia. Sababu ni kwamba askari wa mwili wakiamka kwa ghafla hupigana vita ndani ya kichwa, na kichwa hakina nafasi ya vita. Kifua kikuu cha ubongo nacho hungojwa. Kifua kikuu cha kawaida cha mapafu hakingojwi hivyo. Utaanza dawa ya kifua, na katika wiki mbili utaongezewa ya virusi. Na dawa ya rifampisini itumikayo kwa kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa ya dolutegraviri, kwa hiyo utapewa ya pili jioni. Usione vidonge vimezidi ukadhani umekosewa.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo linalotuua.

Mtu akimeza dawa vizuri miezi sita, virusi katika damu hupungua hata mashine haivioni. Hapo mwili hunenepa, na mtu husema, nimepona. Hakupona. Virusi vingine vimelala ndani ya seli zenyewe, kama moto chini ya majivu, na dawa haivifikii huko kwa kuwa vimelala. Siku utakayoacha, vitaamka. Kwa watu wengi, wiki mbili hadi nne zatosha kuvirudisha katika damu.

Msidhani madaktari hawakufikiri juu ya likizo. Walifikiri sana. Walisema, dawa zasumbua, zina gharama, pengine mtu aweza kuacha askari wanapokuwa wengi na kuanza tena wanapopungua, ili apumzishe mwili na kuokoa fedha. Ilionekana akili nzuri. Wakajaribu kwa watu 5,472 katika nchi 33, uchunguzi ulioitwa SMART. Kundi moja lilimeza kila siku. Kundi la pili liliacha CD4 zikizidi 350 na kuanza tena zikishuka chini ya 250. Mwezi wa Januari 2006 ilibidi uchunguzi usimamishwe. Katika kundi la waliomeza kila siku, waliokufa au kupata magonjwa nyemelezi walikuwa 47. Katika kundi la likizo walikuwa 120. Na jambo lililowashangaza hata madaktari wenyewe ni kwamba magonjwa ya moyo, figo na ini, ambayo walidhani yaletwa na dawa, yaliwazidi wale walioacha dawa. Virusi vikirudi huwasha mwili wote kama homa isiyoonekana.

Abidjan walijaribu, wakasimamisha mwaka 2005. Uganda na Zimbabwe walijaribu wiki 12 kumeza na wiki 12 kupumzika, wakasimamisha mwaka 2006. Kwa hiyo mtu akikuambia Mwafrika ana mwili mgumu aweza kupumzika, mwambie tulikwisha jaribiwa.

Kuna na jambo la usugu. Virusi hujinakili kwa haraka na kwa makosa mengi, kama karani mlevi. Katika makosa hayo hutokea kirusi ambacho dawa fulani haikiwezi. Dawa zikiwa zote tatu damuni, kirusi hicho kikiponyoka hii chanaswa na ile. Lakini dawa hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Ile ya zamani iitwayo efavirenzi ilikawia damuni wiki nzima na zaidi baada ya kuacha, na wenzake walikuwa wamekwisha kwenda. Basi ikabaki peke yake zamu ya usiku, na virusi vikajifunza kuishinda. Dolutegraviri tunayopewa sasa haishindwi upesi hivyo, na hiyo ni neema, lakini si ruhusa. Tena yule mwenye ugonjwa wa ini aina ya B ajue kwamba mbili kati ya dawa zile tatu zashika na ugonjwa huo pia. Akiacha ghafla ini laweza kuwaka.

Ukisahau kidonge asubuhi, kimeze utakapokumbuka siku ile. Usimeze viwili kesho kulipa deni. Na dolutegraviri haipatani na dawa za kiungulia wala vidonge vya chuma na chokaa vikimezwa pamoja nayo. Waulizeni wauguzi masaa ya kuviachanisha. Madereva wengi hutafuna dawa za kiungulia kama njugu, twawaona.

Watu huacha dawa kwa sababu gani? Wengine huachishwa na ahadi. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania, na wengi walitoka Kenya. Hatumtukani mzee, amekwisha fariki, na mtu anayetafuta uzima hachekwi. Lakini wako walioacha vidonge kwa ajili ya kikombe kile, wakarudi hospitali wakiwa wamechukuliwa. Sisi tulilelewa katika kanisa na twasali. Aliyeombewa aendelee kumeza, na akapimwe damu. Kama amepona, mashine itasema.

Wengine huachishwa na mambo makubwa yasiyo yao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walikimbia nyumba zao bila kubeba hata blanketi, seuze dawa. Sisi wa reli twakumbuka mataruma na vyuma vilivyong'olewa Kibera mwezi wa Januari 2008. Njia yetu ilikatika na njia ya dawa ikakatika. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dawa za msaada zilikaa katika bandari ya Mombasa miezi, serikali yetu na Wamarekani wakivutana juu ya ushuru, na huku bara watu wakipewa vidonge vya muda mfupi mahali pa vya miezi mitatu. Kufikiri kwamba dawa ile ilikuwa karibu na mabehewa yetu! Kisha mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada ya nje kwa ghafla, vituo vingine vikafunga milango, wauguzi wengi wakaambiwa wasije kazini. Shirika la USAID lenyewe likafungwa Julai 1, 2025. Tangu hapo kila mtu mwenye akili anajua kwamba dawa ya raia haifai kutegemea mkono wa mtu wa mbali, na chama chetu, pamoja na vyama vingine, kina haki ya kuuliza bajeti ya serikali yetu inatenga shilingi ngapi.

Lakini sababu ya tatu iko hapa hapa kwetu, nayo ndiyo iliyotuleta.

Tulikuwa na mwenzetu, gadi, mtu wa kazi safi. Alikuwa anachukua dawa zake na hakuna aliyejua. Siku ya kliniki ilikuwa moja kwa mwezi, na kliniki ilifungua saa mbili asubuhi. Zamu yake ilibadilishwa bila taarifa. Alipoomba ruhusa, msimamizi alimwuliza sababu mbele ya watu, naye hakuweza kuisema. Akakosa kliniki ile. Mwezi wa pili alikwenda bila ruhusa, na siku mbili zikakatwa katika mshahara wake. Mwezi wa tatu hakwenda. Alituambia haya baadaye, kitandani, maana alikuwa na haya ya kurudi kliniki akidhani muuguzi atamkemea. Alikaa bila dawa miezi mitano. Aliondoka na kifua kikuu, akaacha watoto wanne. Katika barua ya rambirambi imeandikwa kwamba alikuwa mfanyakazi hodari.

Siku mbili za mshahara, ndugu zangu. Piga hesabu ya kumfundisha gadi mwingine.

Na haya hayamhusu mgonjwa peke yake. Mwaka 2011 uchunguzi wa jozi 1,763 za wachumba na za mabwana na mabibi, katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa 96 kwa mia. Uchunguzi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2016 na 2019 ukaongeza kwamba ambaye virusi vyake havionekani katika damu hamwambukizi mwenziwe kitandani hata mara moja. Kwa hiyo ukimnyima mtu ruhusa ya kliniki, umemnyima na mkewe ulinzi, naye yuko nyumbani Butere au Voi wala hana habari ya msimamizi wako.

Sheria iko upande wetu, ila imelala kabatini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi, na yakataza kumbagua kazini kwa ajili ya virusi. Iliunda pia mahakama yake maalumu ya kusikiliza malalamiko hayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, nayo yataja Ukimwi kwa jina. Hakuna palipoandikwa kwamba msimamizi ana haki ya kujua unaumwa nini. Karatasi ya kliniki yenye muhuri na tarehe yatosha.

Basi sisi wa zamu tumeleta mambo haya mbele ya tawi ili yaingie katika mazungumzo ya mkataba mpya. Siku ya kliniki, ya ugonjwa wo wote udumuo, iwe ni Ukimwi, sukari au presha, isikatwe mshahara, na karatasi isitaje ugonjwa. Tukiweka maradhi yote katika kifungu kimoja hakuna atakayenyoshewa kidole. Zamu ikibadilishwa, mtu aambiwe saa 48 mbele. Anayepelekwa kazi ya mbali aruhusiwe kupita kliniki kwanza, maana kliniki nyingi sasa hutoa dawa za miezi mitatu, na wengine sita, kwa aliyetulia. Na akiishiwa njiani, aingie kituo cha serikali kitoacho dawa hizi aeleze, aombe za kumfikisha. Tena twataka kabati zenye kufuli katika vyumba vya kupumzikia madereva na magadi. Hili laonekana dogo. Mtu anayeficha vidonge katika soksi hatavimeza mbele ya wenziwe, na safari ya usiku ina saa nyingi.

Kwa yule aliyekwisha acha, na huenda yuko humu ndani, tuna neno fupi. Rudi wiki hii. Usitafute vidonge vilivyobaki sandukuni ukaanza mwenyewe, wala usiazime vya ndugu. Nenda upimwe wingi wa virusi, wakuangalie kifua, wakupe zinazofaa. Ukikemewa, kemewa. Sisi twakemewa kila siku na hatujaacha kazi.

Ndugu Mwenyekiti, kifungu tulichokiandika Katibu anacho, nakala ziko hapo mezani na zitasomwa kabla ya kura. Muuguzi tuliyemwalika amekubali kujibu maswali ya mambo ya dawa. Wanaoona haya kuuliza kwa sauti waandike katika karatasi bila jina, sanduku liko mlangoni upande wa kushoto.